Usiku wa Kwanza Bila Mama

Nguruwe jike ametolewa bandani alasiri. Siku nyingine angelala ubavu na kuwaita watoto wanyonye kila baada ya saa moja hivi. Leo saa ya kwanza inapita, ya pili inapita, na jua linapozama banda zima linalia. Watoto 10 wanazunguka kona hadi kona, pua chini, wakifuata harufu ya aliyekuwa amelala pale asubuhi. Upande wa pili wa ukuta mama yao amesimama, matiti yamejaa, naye anawaitikia. Wenye nyumba hawalali vizuri usiku huo.

Kufikia siku ya tatu kelele zimekwisha na mfugaji anashusha pumzi. Kumbe ukimya ule si wa shibe. Siku ya nne au ya tano mtoto mmoja anasimama peke yake, mgongo umepinda, manyoya yamesimama, nyuma kumelowa. Kesho yake wako wawili. Wiki ikiisha mmoja amekufa, na kati ya waliobaki wapo ambao mwezi mzima hawataongezeka kilo ya maana. Mfugaji analaumu mbegu, analaumu duka la dawa, wakati mwingine analaumu jicho la jirani. Alasiri ile haimjii akilini.

Habari hii ni ya kawaida katika Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, kuanzia Mbozi na Rungwe hadi Njombe na Mbinga, ambako familia nyingi hufuga jike mmoja au wawili nyuma ya nyumba. Nguruwe hao ndio ada ya shule, ndio mbolea ya shamba la mahindi, na ndio benki ya siku ya ugonjwa. Kitimoto anayeliwa Dar es Salaam na Dodoma mara nyingi alianzia katika banda la mbao la mtu wa namna hii. Kwa hiyo mtoto anayedumaa wiki ya kwanza baada ya kuachishwa ziwa anapunguza kitu katika maisha ya binadamu pia.

Mfugaji anapomwona bwana mifugo humuuliza swali moja: niwaachishe siku ya ngapi? Swali ni zuri, lakini halitoshi. Uzito wa jambo hili uko katika wiki mbili tatu zinazoitangulia tarehe hiyo, na katika hali ya mgongo wa mama yao.

Ruhusa inayotolewa kidogo kidogo

Kiswahili kina kitenzi ambacho siku hizi hakisikiki sana: kulikiza. Maana yake ni kumpa mtu ruhusa ya kuondoka, na ndiko neno likizo lilikotoka. Wazee walikitumia pia kwa mtoto anayeachishwa ziwa. Nakipenda kwa sababu kinamtazama mama na mtoto kwa pamoja: mmoja anatoa ruhusa, mwingine yuko tayari kuipokea.

Nguruwe akiachwa afuate silika yake, hufanya hivyohivyo. Miaka ya 1970 na 1980, watafiti Alex Stolba na David Wood-Gush waliwaweka nguruwe wa kawaida wa kufugwa katika eneo la wazi lenye miti na kijito karibu na Edinburgh, Uskoti, kisha wakawatazama wakijiishia. Wanyama ambao vizazi vyao vingi vilikuwa vimezaliwa ndani ya mabanda hawakuwa wamesahau kitu. Jike aliyekaribia kuzaa alijitenga na kundi, akachimba shimo na kulitandika majani na matawi. Alikaa humo na wanawe siku kadhaa, kisha akawaleta kwa wenzake.

Nchini Sweden, Per Jensen alifuatilia lini hasa mama huyo huacha kunyonyesha asipoingiliwa na mtu. Wastani ulikuwa takriban wiki 17, yaani miezi minne. Mwanzoni mama ndiye anayeita. Baada ya wiki ya kwanza watoto ndio wanaomfuata wakidai. Halafu anaanza kuwakatiza: anainuka kabla hawajamaliza kuchua matiti, ananyonyesha akiwa amesimama, analalia tumbo ili chuchu zisifikike, anakwenda kula mbali. Kila siku anapunguza kidogo, na kila siku watoto wanatafuna kidogo zaidi ya kile anachokula yeye. Mwana hutazama kisogo cha nina, walisema wahenga, na kwa nguruwe msemo huu una maana yake kamili: mtoto hujifunza chakula ni kipi kwa kuweka pua yake karibu na mdomo wa mama.

Hakuna mfugaji anayeweza kusubiri miezi minne. Lakini sisi tunachukua jambo ambalo mama angelifanya kwa wiki nyingi na kulimaliza kwa dakika tano, kwa kufunga mlango mmoja. Pengo hilo ndilo linalomrudia mfugaji kwa sura ya kuhara.

Tumboni kunatokea nini

Mtoto wa nguruwe huzaliwa hana kinga ya damu. Kondo la nyuma la nguruwe halipitishi kinga ya mama, kwa hiyo mtoto hutegemea dang'a, maziwa yale mazito ya saa za kwanza. Utumbo wake hufungua mlango kwa kinga hiyo kwa muda wa siku moja au zaidi kidogo, kisha hujifunga. Kinga aliyoikopa huanza kupungua, na anapofika wiki ya tatu na ya nne iko chini sana wakati yake mwenyewe bado haijakomaa. Katikati ya bonde hilo maziwa ya kila siku ndiyo yanayomlinda, kwa sababu yanapaka ukuta wa utumbo na kuzuia vijidudu visijishike. Ukiyakata siku ya 21 au ya 28, unamvua koti katikati ya baridi.

Tazama sasa anavyokula. Katika siku chache za mwanzo kila mtoto hujipatia chuchu yake na kuipigania. Zile za mbele kwa kawaida zina maziwa mengi zaidi. Baada ya hapo kila mtoto huirudia chuchu yake ileile. Mama anapoita, mkoromo wake huongeza kasi, watoto wanachua, na maziwa hutiririka kwa sekunde 20 hivi tu. Hivyo ndivyo anavyokula, zaidi ya mara 20 kwa siku: chakula cha moto, cha majimaji, kinachoitwa kwa sauti, mahali pasipobadilika. Baada ya kuachishwa anakuta pumba kavu sakafuni na maji kwenye ndoo. Hakuna anayemwita. Hajui hata kutofautisha njaa na kiu, kwa sababu maziwa yalikuwa yakiviondoa vyote viwili kwa pamoja.

Wengi huonja chakula siku ya kwanza, lakini wapo wanaopitisha siku mbili nzima bila kula cha maana. Ukuta wa utumbo una vinyweleo vidogo mfano wa nyuzi za zulia. Ndivyo vinavyofyonza chakula. Mtoto asipokula, vinyweleo hivyo hufupika kwa haraka, ndani ya siku moja au mbili tu. Njaa ikimzidi anavamia chakula na kukibugia. Utumbo uliopungua hauwezi kukisaga, kinachachuka humo, na bakteria aina ya E. coli wanapata karamu. Hapo ndipo kuhara kunapoanza. Aina fulani za bakteria hao hutoa sumu inayovimbisha kope na kumlegeza mtoto miguu, na mara nyingi anayekufa kwa njia hiyo ndiye aliyekuwa mnene kuliko wote.

Kuna dalili nyingine ambayo wengi huiona bila kuielewa. Siku chache baada ya kutengwa, mtoto huanza kusugua tumbo la mwenzake kwa pua, juu na chini, akirudia bila kuchoka, mpaka ngozi ya mwenzake inachubuka. Ni mwendo uleule wa kuchua titi. Anatafuta mama pasipo na mama. Kadiri anavyoachishwa mapema ndivyo tabia hii inavyozidi. Ukiiona bandani mwako, jua umewahi mno.

Mama naye ana hesabu yake

Kumbakiza mama na watoto muda mrefu kuna gharama yake. Nguruwe wa mbegu za kisasa anapofikia wiki ya tatu ya kunyonyesha hutoa lita 7 hadi 10 za maziwa kwa siku. Kama chakula hakitoshi, maziwa hayo yanatoka katika mafuta na misuli ya mgongo wake. Kanuni rahisi ni kilo 2 za chakula kwa ajili yake, kisha nusu kilo kwa kila mtoto. Mwenye watoto 10 anahitaji kilo 7 kwa siku. Katika mabanda mengi ya vijijini anapewa kilo 3 za pumba na majani ya viazi vitamu, kwa miezi miwili. Nyonga zinachomoza, uti wa mgongo unahesabika, mabega yanaota vidonda kwa kulalia sakafu ngumu. Anayeumia zaidi ni yule wa uzao wa kwanza, kwa kuwa mwili wake mwenyewe bado unakua.

Jike huyo akishaachishwa, mfugaji anangoja joto na halionekani. Kitendo cha kunyonywa huzuia homoni za ubongo zinazoamsha mayai; kikikoma, jike mwenye afya hurudi kwenye joto ndani ya siku 4 hadi 7. Uke unavimba na kuwa mwekundu, na ukimkandamiza mgongo anasimama tuli. Aliyekonda huchelewa wiki kadhaa, na akipandwa hushika mayai machache.

Kwa upande mwingine, kumwachisha haraka mno kunamrudisha nyuma vilevile. Mfuko wake wa uzazi unahitaji takriban wiki 3 kurudi katika hali yake. Akipandishwa kabla ya hapo, uzao unaofuata huwa mdogo.

Tupige hesabu. Mimba ya nguruwe ni siku 114, ambazo wafugaji hukariri kama miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu. Akinyonyesha siku 28 na kupandwa siku 7 baadaye, mzunguko ni siku 149, yaani mizao 2.4 kwa mwaka. Akinyonyesha siku 56, mzunguko ni siku 177, mizao 2 na kidogo. Kwa mwenye majike 10, tofauti inakaribia mizao 4 kwa mwaka. Inavutia. Lakini hesabu hiyo inadhani kwamba watoto wa siku 28 wataishi na kukua. Wawili wakifa katika kila uzao na watatu wakidumaa, faida imeliwa bandani kabla haijafika sokoni.

Somo la waliotangulia kukosea

Vitabu vingi vya ufugaji vinavyosambazwa kwa simu vimeandikwa kwa ajili ya mabanda ya Ulaya na Marekani, na vinataja siku 21 au 28 kana kwamba ndiyo kanuni ya Mungu. Inafaa kujua wenyewe walipitia nini. Katika miaka ya 1990 mashamba makubwa ya Marekani yaliachisha watoto wakiwa na umri wa wiki 2 tu, au hata chini ya hapo, na kuwapeleka mbali na mama ili kukata mnyororo wa magonjwa. Baadaye wengi walirudi nyuma na kuongeza umri.

Umoja wa Ulaya, kwa maelekezo yake ya mwaka 2008, unakataza kuachisha kabla ya siku 28. Inaruhusiwa kupunguza hadi siku 7 ikiwa watoto wanahamishiwa banda maalumu, lililosafishwa, lililouliwa vijidudu na kutengwa na majike. Kwa kilimo hai kiwango ni siku 40. Hata hivyo, kwa miaka mingi wafugaji wa huko waliegemea dawa ili kupita wiki ile ngumu: antibayotiki ndani ya chakula, na oksidi ya zinki kwa kiwango kikubwa.

Sweden ilipiga marufuku antibayotiki za kukuzia mifugo mwaka 1986, na kuhara kwa watoto walioachishwa kukapanda. Wafugaji wake walijibu kwa kuongeza umri wa kuachisha, kupunguza msongamano na kuboresha matandiko na chakula. Mwezi Juni 2022 Umoja wa Ulaya uliondoa sokoni zinki ile ya matibabu kwa sababu ya madhara yake kwa udongo na mchango wake katika usugu wa vijidudu. Nchi tajiri zimerudi kwenye jambo ambalo jike wa Edinburgh alikuwa analijua.

Nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu naona sisi tukielekea kule ambako wenzetu wanatoka. Katika vibanda vya dawa za mifugo, OTC, yaani antibayotiki ya oksitetrasaiklini, hununuliwa kama chumvi. Mtoto akihara anachomwa. Asipohara anachomwa ili asihare. Kipimo ni cha kukisia, na siku za kusubiri kabla ya kuchinja hazihesabiwi. Usugu wa dawa unaozaliwa bandani hauishii bandani. Kuna siku mtoto wa mfugaji huyohuyo atalazwa hospitali, na dawa itagoma.

Kumlikiza kwa hatua

Kwa mfugaji mdogo anayelisha pumba za mahindi, mashudu ya alizeti, soya na dagaa, asiye na taa ya kupasha joto wala chakula cha maziwa ya unga, mimi nasimama kwenye siku 35 hadi 42. Kwa umri huo mtoto ameshaanza kujenga kinga yake, na mama hajamalizika. Siku hizo hazina maana bila yafuatayo.

Anza siku ya tatu baada ya kuzaliwa, kwa sindano ya madini ya chuma. Mtoto huzaliwa na akiba ndogo, anahitaji takriban miligramu 7 kwa siku, na maziwa humpa kama 1 tu. Miligramu 200 mara moja humwokoa na upungufu wa damu, naye hufika siku ya kuachishwa akiwa na nguvu.

Kuanzia siku ya 10 tenga kona ambayo watoto wanapita na mama hapiti. Mbao mbili za msalaba zinatosha. Weka humo chakula laini cha watoto, kiasi cha kiganja, na ukibadilishe kila siku. Kilicholala usikirudishe. Maji yawe katika chombo kifupi kisichopinduka. Sambamba na hilo, sehemu ya chakula cha mama imwagwe chini mahali ambapo watoto wanaweza kula naye pua kwa pua. Mtoto aliyekwisha kula na mama yake hashangai siku anapokula peke yake.

Wiki ya mwisho, mtoe mama kwa saa chache kila siku kisha umrudishe. Halafu waachishe kwa mafungu: wenye uzito watangulie, wadogo wabaki na mama siku 4 au 5 zaidi wakijichagulia chuchu za mbele. Mtoto ambaye hajafika kilo 5 usimwachishe kwa sababu tu kalenda imefika.

Siku yenyewe, anayehama ni mama. Watoto wabaki katika banda lao, harufu yao, kona yao na chakula chao kilekile kwa angalau wiki moja. Uwape kidogo kidogo, mara 4 au 5 kwa siku, wala usiwaruhusu wabugie. Usichanganye watoto wa mama tofauti siku hiyo, kwa sababu watapigana badala ya kula. Kuhasi, chanjo na dawa ya minyoo vifanyike siku nyingine. Wape joto: watoto walioachishwa wanahitaji nyuzi karibu 28, na usiku wa Juni na Julai wa Makete au Njombe hauko karibu na hapo. Sanduku la mbao lenye mfuniko, likijazwa majani makavu au maranda, huhifadhi joto la miili yao wenyewe. Wakilala wamebanana kama mafungu ya dagaa, wanasikia baridi. Wakilala ubavu kwa ubavu wametanuka, wameridhika.

Mama asikatiwe maji hata siku moja. Matiti yatajaa na kuwa magumu siku mbili tatu. Msongo huo ndio unaoyakausha, kwa hiyo usiyakamue. Titi likiwa jekundu, la moto, na mama akagoma kula, mwite daktari wa mifugo. Asipigane na majike wageni akiwa katika hali hiyo. Mlishe vizuri mpaka joto lije.

Kiroba na bodaboda

Bado yupo mnunuzi. Watoto wengi huuzwa siku ileile wanayotolewa kwa mama: wanafungwa ndani ya kiroba, wanapakizwa kwenye bodaboda, na jioni wako katika banda geni, na wageni wenzao, mbele ya chakula wasichokijua. Mishtuko mitatu kwa mkupuo mmoja ni mzigo mkubwa kwa mtoto wa kilo 8. Isitoshe, homa ya nguruwe ya Afrika haina tiba, nayo husafiri ndani ya viroba hivyohivyo.

Kwa hiyo ukienda kununua, uliza ameachishwa lini na anakula nini. Asiyefikisha wiki moja tangu atengwe, mwache, hata kama bei ni nzuri. Beba kilo chache za chakula alichozoea, umbadilishie polepole, na umweke mbali na nguruwe wako wengine kwa wiki kadhaa. Nawe unayeuza, mpe mnunuzi wiki hiyo moja. Atarudi, na atakuja na jirani yake.

Najua haya yanadai muda, na mfugaji mdogo ana shamba, ana watoto, ana msiba kijijini. Lakini kona ya mbao mbili haina gharama ya dawa, na kiganja cha chakula siku ya 10 ni rahisi kuliko sindano ya siku ya 40.

Kipimo cha kazi yako utakisikia usiku ule wa kwanza. Watoto watalia bado, kwa kuwa ni watoto, na mama ataitika. Kisha mmoja atakwenda kwenye kona aliyoizoea na kuanza kutafuna. Wa pili ataisikia sauti ya meno na kumfuata. Saa 4 hivi utapita na tochi na kuwakuta wametanuka juu ya majani makavu, matumbo yamejaa, na upande wa pili wa ukuta mama yao amelala.